Makofi Yaliyohamisha Darasa la Pili

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Shule ya Msingi ya Mtaa Wetu,
Ofisini kwako, au popote kikao kilipokukalisha.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUHUSU: MALALAMIKO YANGU KWA MAANDISHI, KAMA ULIVYOAGIZA MBELE ZA WATU

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema na umekaa kwenye kiti kinachokutosha. Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti, na habari ya magoti utaiona katika namba ya kwanza.

Mimi ni fundi cherehani wa pale kona ya bomba la maji. Ninajitambulisha hivyo kwa sababu katika mkutano wa Jumamosi iliyopita ulionyesha wazi kwamba hunifahamu. Ni kweli pia kwamba mimi ni dada yako mkubwa, tumbo moja, lakini nilipoanza kukuita mdogo wangu ulisema kwamba pale hakuna dada wala mdogo, kuna utaratibu. Haya. Tuufuate huo utaratibu. Popote nitakapoteleza nikakuita mdogo wangu katika barua hii, naomba katibu wako apige mstari wa kufuta.

Uniwie radhi pia kwa karatasi. Ni ile ninayokatia mitindo, ndiyo maana pembeni kuna alama za chaki na shingo ya gauni la mtu. Ulisema malalamiko yaje kwa maandishi, yawe na namba, na yawe na heshima. Namba nimeziweka. Heshima nitajitahidi.

Kwa faida ya wajumbe ambao Jumamosi walikuwa wanasinzia, naanza kwa kueleza kilichotokea. Bodi yako ilituita wazazi na walezi wote kwenye mkutano juu ya Ushiriki wa Jamii Katika Elimu. Tangazo lilisema kuhudhuria ni kwa hiari, na kwamba mzazi asiyehudhuria, mtoto wake atarudishwa nyumbani kumfuata. Basi tukaja kwa hiari yetu, mbio mbio, wengine na viatu tofauti miguuni. Ukazungumza. Ukapumzika kidogo, ukazungumza tena. Ulipomaliza tukaelezwa kwamba sisi jamii tumekwisha kushiriki, na kwamba tumekubali kwa kauli moja chumba cha darasa la pili kiwe Ukumbi wa Bodi, na watoto wa darasa la pili wahamie kwenye varanda ya nyuma, ile inayopakana na mashine ya kusaga. Hapo nikanyoosha mkono. Hukuuona. Nikanyoosha rula yangu ya kukatia, ambayo ni ndefu kuliko mkono wa mtu yeyote. Hiyo uliiona, na ndipo uliponiambia kwamba kama nina la kusema nilete kwa maandishi.

Nimeleta.

1. Kuhusu madawati. Wazazi tulikalishwa kwenye madawati ya darasa la kwanza. Naishukuru bodi, kwa maana tangu nianze kuzeeka sijapata kuyaona magoti yangu kwa karibu namna ile. Yalikuwa hapa, kidevuni. Mama muuza mkaa, ambaye Mungu hakumnyima mwili, alipotaka kutoka ilibidi tumtoe pamoja na dawati lake. Ninyi mlikuwa mbele kwenye meza ndefu, juu yake kitambaa cheupe, ambacho nilikishona mimi, na maji ya chupa, ambayo mlikunywa ninyi. Sisemi kwamba na sisi tulitaka maji, hasha. Ninachouliza ni kwa nini kila mlipomeza mlikuwa mnatutazama. Mkutano ujao nashauri liwekwe pazia katikati, ninyi mnywe kwa amani na sisi tushiriki kwa amani. Mapazia nayaweza.

2. Kuhusu makofi. Mheshimiwa, wewe umekulia mtaa huu huu. Unajua kama ninavyojua mimi kwamba watu wa hapa hatumwambii msemaji akae chini. Tuna adabu zetu. Mtu akirefusha maneno tunampigia makofi. Akiendelea tunayarudia kwa nguvu zaidi, na tabasamu juu. Mwenye akili zake anashukuru, anakaa. Ndivyo tunavyofanya harusini, ndivyo tunavyofanya kwenye vikao vya ukoo, na ndivyo tulivyomfanyia marehemu baba mara nyingi tu, Mungu amrehemu, na yeye alikuwa anaelewa makofi ya kwanza.

Wewe tulikupigia ya kwanza ulipofika kwenye umuhimu wa kuelewa umuhimu wa elimu. Ukasema asanteni, ukafungua ukurasa mwingine. Tukakupigia ya pili. Ukasema naona mmefurahi. Ya tatu tulipiga mpaka viganja vikawaka moto, na ni hapo hapo, chini ya kelele zile, uliposema hayo maneno ya darasa la pili. Hakuna aliyesikia hata silabi. Tulikuona tu unamgeukia katibu, midomo inacheza, na katibu anaandika kama mtu anayefukuzwa. Kilichoandikwa tulisomewa baadaye: hoja imepitishwa kwa kauli moja na kwa shangwe.

Sasa naomba kuelekezwa, kwa heshima zote. Tupige makofi ya aina gani ili yahesabike kuwa ni ya kaa chini? Fundi bati aliyekuwa ubavuni kwangu alikuwa anaua mbu, na mbu yule amehesabiwa kura. Bibi mmoja nyuma yangu alikuwa anambembeleza mtoto kwa kumpigapiga mgongoni, naye kapitisha hoja. Mimi mwenyewe nilipiga kuliko wote. Nilipiga kwa sababu aliyesimama pale mbele na koti lake na karatasi zake alikuwa mdogo wangu (katibu apige mstari), na nilitaka watu waone kwamba nyumba yetu nayo imetoa mtu. Furaha yangu hiyo ndiyo mliyoihesabu. Kwa hiyo darasa la pili nimelihamisha mimi kwa viganja vyangu, na barua hii ichukuliwe kuwa ni malalamiko dhidi ya viganja vyangu pia.

3. Kuhusu sababu iliyotolewa. Katibu alitusomea kwamba bodi haiwezi tena kukutana katika ofisi ya zamani kwa kuwa iko karibu na mashine ya kusaga, na kelele za mashine zinawafanya wajumbe wasisikilizane. Chumba cha darasa la pili, alisema, ndicho pekee shuleni ambacho kelele hizo hazifiki: ukuta wake ni mnene na madirisha yake yanatazama uwanjani. Maneno haya ni ya kweli tupu, siwezi kuyapinga. Watu wazima wenye masikio mawili mawili, yaliyokomaa, hawawezi kusikilizana karibu na mashine ile. Basi ni haki kabisa wapelekwe huko watoto, ambao masikio yao ni mapya.

Kilichonigusa zaidi ni aliyeunga mkono. Ni mjumbe yule tunayemwita Naunga Mkono, kwa sababu tangu aingie kwenye bodi hajasema jingine. Siku hiyo lakini alijitahidi, akaongeza na maelezo. Alisimama akaeleza kwa uchungu jinsi kelele za mashine zinavyompasua kichwa, jinsi anavyotoka kwenye vikao masikio yanalia, mpaka nikamwonea huruma, nikataka kuuliza ni nani huyo mwenye mashine asiye na utu. Halafu nikakumbuka. Ni yeye. Mashine ni yake, swichi ni yake, na ufunguo wa swichi anauvaa shingoni. Nilimnong'oneza fundi bati kwamba pengine ingeweza kuzimwa wakati watoto wanasoma, akanitazama kama mtu aliyetukana msikitini na kanisani kwa wakati mmoja.

4. Kuhusu mjukuu. Hapa mheshimiwa utanisamehe, mzaha unanishinda.

Katika darasa la pili yumo mtoto wa binti yangu, anayekaa kwangu kwa kuwa mama yake anafanya kazi mbali. Unamjua. Anakuita babu na wewe unacheka, unasema bado hujafikia ubabu. Mtoto huyu aliugua masikio alipokuwa anaanza kutembea. La kushoto lilikufa. La kulia linasikia, lakini mpaka msemaji awe karibu na pawe kimya. Yeye mwenyewe hasemi. Ana aibu. Akiulizwa jambo ambalo hakulisikia anatabasamu tu, na watu wanamwona mpole au mjinga, kutegemea haraka waliyo nayo.

Mwalimu wake wa darasa la pili, yule msichana aliyekuja mwaka huu na begi moja, aligundua bila kuambiwa na mtu. Akamhamishia kwenye kona ya mbele, bega la kushoto likiegemea ukuta, ili kila sauti ije kutoka kulia. Basi. Hilo tu. Hakuitisha kikao. Na tangu siku hiyo mtoto akaanza kusoma kama aliyefunguliwa maji. Anasoma mifuko ya sukari, anasoma matangazo ya mtaani, anasoma maandishi kwenye fulana za wateja wangu mpaka wanaona haya. Jioni anakaa miguuni kwangu ananisomea vibandiko vya nyuzi, rangi kwa rangi, na mimi nasahau kukanyaga cherehani.

Jumatatu wakahamishiwa varandani. Kule hakuna kona. Ukuta uliopo ni mmoja, na nyuma ya ukuta huo ndiko mashine inakounguruma. Mwalimu anapiga kelele mpaka saa za mapumziko sauti inakatika, halafu anabaki kuandika kwenye ubao ulioegemezwa juu ya kiti. Siku ya pili nilimuuliza mtoto leo mmesoma nini. Akatabasamu. Tabasamu lile lile analowapa wageni, akanipa mimi. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikarudi kumalizia suruali ya mtu. Jana nilimpa kibandiko cha uzi anisomee, akasema amesahau. Hajasahau. Amekata tamaa, na mtoto wa darasa la pili hajafika umri wa kukata tamaa.

Madawati nimekusamehe. Makofi nimekusamehe. Hili la nne linaniuma, na nimeliandika bila utani ili usije ukasema hukuelewa.

5. Kuhusu jina uliloniita. Niliponyoosha rula ulisema, yule mama mwenye kilemba cha bluu akae. Nashukuru kwamba angalau kilemba ulikitambua, maana ni wewe uliyenizawadia. Watu wa mtaa walicheka. Wengine walinitazama mimi, wakakutazama wewe, wakatazama pua zetu, wakacheka zaidi.

Kwa kuwa hunifahamu, niruhusu nikukumbushe mtu mwingine ambaye labda unamfahamu. Palikuwa na mtoto mmoja wa darasa la pili, katika shule hiyo hiyo, aliyekuwa hawezi kutamka neno bila kulianza upya na upya. Kigugumizi kilimkaba mpaka mishipa ya shingo inasimama. Mwalimu wa wakati ule akasema arudi nyumbani akakue kwanza. Mama yake mtoto alikuwa hajiwezi kitandani na baba yake alikuwa safarini. Basi kwenye mkutano wa wazazi akaenda dada yake, msichana mwenyewe bado amevaa gauni la shule, si mzazi wa mtu, hayumo kwenye ajenda. Akasimama bila kuitwa. Akasema mdogo wangu akipewa muda anamaliza sentensi. Mwenyekiti wa siku zile, seremala mmoja mkali ambaye hata mbwa walikuwa wanampisha njia, akamtazama msichana yule, akakuna kidevu, akasema basi apewe muda.

Akapewa. Na tazama leo anavyozimaliza sentensi. Hata tukimpigia makofi asizimalize, yeye anazimaliza.

Siku ile hakuna aliyemwambia msichana yule alete kwa maandishi. Wangemwambia, mpaka aitafute karatasi na kalamu, mtoto angekuwa amekwisha kuzoea kukaa nyumbani, na leo bodi ingekuwa na mwenyekiti mwingine, pengine wa maneno machache.

6. Kuhusu msimamo wangu. Baada ya kulalamika, nisije nikaonekana mpinga maendeleo. Nimekaa kwenye cherehani yangu nikafikiri sana, na nimegundua kwamba bodi imeona mbali kuliko sisi. Naunga mkono, tena naomba twende mbele zaidi.

Ikiwa kuliondoa darasa moja kumeiongezea bodi utulivu kiasi hiki, hebu tuone faida ya kuyaondoa yote. Chumba cha darasa la tatu kiwe cha Kamati Ndogo ya Ushiriki wa Jamii. Cha nne kiwe cha chai ya Kamati Ndogo. Cha tano kiwe cha makoti, maana mmekuwa na makoti. Cha sita kiwe cha Naunga Mkono peke yake, apate mahali pa kupumzisha mkono. Darasa la mwisho linaweza kuachwa mpaka wafanye mtihani, kwa kuwa matokeo yao mtayahitaji katika hotuba, lakini wakishafanya tu, mlango ufungwe na ufunguo akae nao katibu.

Watoto waende varandani. Varanda ikijaa waende uwanjani. Mvua ikinyesha warudi nyumbani, na nyumbani watafundishwa na nani? Na sisi wazazi. Ona sasa! Ushiriki gani wa jamii katika elimu unaoshinda huo? Mlituita tushiriki tukawa hatujui tuanzie wapi, kumbe njia ilikuwa ni ninyi kuichukua shule na sisi kuwachukua watoto. Shule isiyo na watoto haina utoro. Haina anayefeli. Vyoo vyake havinuki na kengele yake inalia kwa heshima, kuwaita wajumbe kwenye chai. Mwalimu mkuu anaweza kuwakagua kucha asubuhi, akiona inafaa. Sare nitawashonea mimi. Kaptula za wajumbe wenye matumbo zitahitaji kitambaa cha ziada, lakini jamii itashiriki. Mara moja kwa mwaka, akija mgeni wa heshima, watoto waazimwe kutoka majumbani waje wamwimbie wimbo, halafu warudishwe wakiwa safi. Na siku mgeni akiuliza mbona shule haina wanafunzi, mwambieni wamepisha elimu.

Kwa upande wangu binafsi naomba ruhusa ya kuacha kushiriki. Nimejichunguza, nikaona ushiriki wangu wote tangu mwanzo umekuwa ni kufagia uwanja, kubeba maji ya kujengea, kushona kitambaa cha meza yenu na kupiga makofi. Kuamua sikuwahi kuamua, kwa hiyo sitakikosa nisichokijua. Sitahudhuria mkutano tena. Sitanyoosha rula tena. Mjukuu akirudishwa nyumbani kunifuata, atanikuta, na nitafurahi, maana nyumbani kwangu hakuna mashine ya kusaga.

Kazi moja tu imebaki, nayo nitaitimiza. Katibu ameniletea kitambaa cha mapazia ya Ukumbi wa Bodi, rangi ya damu ya mzee, kizito, cha watu wakubwa. Ameniambia ushonaji ndio mchango wangu kama jamii, na kwamba Jumamosi hii ukumbi unafunguliwa kwa mkutano wa wazazi wote. Nilimwomba vipimo, akanyoosha mikono hewani kama anayemkumbatia ng'ombe, akasema madirisha yako hivi. Nimemwambia nitakwenda kupima mwenyewe. Mapazia yatakuwa tayari Ijumaa, na hapo ndipo ushiriki wangu katika elimu utakapofikia mwisho wake wa amani.

Nisalimie wifi yangu, mwambie gauni lake liko tayari, aje alijaribu kabla hajanenepa tena. Wasalimie watoto, mkubwa na hao wawili wanaogombana. Msalimie mwalimu mkuu, ambaye Jumamosi nilimwona akijificha nyuma ya maua ya mezani, mwambie tulimwona. Msalimie katibu na mkono wake usiochoka. Msalimie na Naunga Mkono, na usishangae akisema anaziunga mkono salamu.

Ni mimi mtiifu wako, mshiriki mstaafu,

Fundi Cherehani wa Kona ya Bomba
(yule mama mwenye kilemba cha bluu)

Tanbihi, Ijumaa jioni. Barua hii nimechelewa kuileta kwa sababu mapazia yalinishika. Sasa yamekwisha, na naomba radhi kwa kosa dogo la kifundi. Nilipokwenda kupima niliongozana na mjukuu, nikamwambia nionyeshe darasa la pili liko wapi. Mtoto si alinipeleka pale anapokaa. Basi nikapima hapo hapo, nguzo kwa nguzo, kutoka darini mpaka chini. Nilikuja kushtuka nimekwisha kukata kitambaa chote. Mapazia ni ya varanda, mheshimiwa. Ukiyatundika kwenye madirisha ya chumba yanatambaa sakafuni kama vazi la bibi harusi, na dukani hakuna tena kitambaa cha rangi hiyo mliyoipitisha. Kwa hiyo sioni namna nyingine ila Ukumbi wa Bodi uwe kule varandani. Mtapendeza. Na Naunga Mkono atakuwa jirani kabisa na swichi yake. Kelele zikimpasua kichwa, ufunguo anao shingoni.

Leo asubuhi tulikwenda kuyatundika. Nasema tulikwenda kwa kuwa niliwaomba wazazi wa darasa la pili wanishikie ngazi, wakaja wote, mpaka mama muuza mkaa. Ili ngazi isimame ilibidi madawati yatoke varandani. Hatukuwa na pa kuyaweka, tukayaweka kule chumbani. Watoto wakayafuata madawati yao. Mwalimu akawafuata watoto. Kona ilikuwa bado iko pale pale. Mwalimu hakuwa na sauti iliyobaki, akamwashiria mjukuu wetu asome ubaoni kwa niaba yake. Akasimama, bega la kushoto ukutani, akasoma mstari wote mpaka nukta. Sisi tulikuwa tumejazana dirishani, tukapiga makofi, loo, tulipiga! Katibu naye alikuwepo, amekuja kukagua mapazia. Nikamwambia andika, imepitishwa kwa kauli moja na kwa shangwe. Alisitasita, akatazama viganja vyetu, akaandika.

Ile ahadi yangu ya kutohudhuria tena, apige mstari. Kesho tutakuwepo wote, na viti vya kutoka nyumbani. Wewe njoo mapema kidogo kabla ya mkutano, mtoto anataka akusomee. Ukae upande wake wa kulia. Na kama utakuwa na la kusema, mdogo wangu, sema tu. Huna haja ya kuleta kwa maandishi.